Shughuli Mbili Siku Moja

"Toa! Toa sasa hivi, mimi nikikuangalia!"

"Mama Tunu, si shughuli ya kweli."

"Isiwe ya kweli, lakini Jumamosi si ya kweli? Jumamosi ya harusi ya mwanangu, wewe unaweka ngoma! Tumekosana lini mimi na wewe, Chiku? Nimekutukana? Kuku wangu amechafua barazani kwako?"

"Kuku wako anachafua barazani kwangu kila siku, na sijasema. Hii ni ya majaribio. Kombo ndiye aliyeniomba."

"Basi Kombo naye aoe siku ya msiba wake!"

Nyumba yangu iko katikati ya nyumba za wanawake hawa wawili, na kwa neema hiyo sijawahi kuhitaji redio. Nilitoa kigoda nje, nikaketi, nikawakaribisha na wapita njia waliokuwa wanajifanya wanafunga kamba za viatu. Ugomvi mzuri ukiusikiliza peke yako ni uchoyo.

Kwa msomaji asiyetoka nchi yetu, ambayo jina lake silitaji kwa kuwa wizara husika bado inalifanyia mapitio, lazima nieleze kidogo. Kwetu mtu anaweza kukuibia mbuzi na mkasalimiana kesho yake. Lakini mtu akiweka shughuli siku moja na shughuli ya jirani yake, huyo hana adabu, na mama aliyemzaa anaulizwa alikuwa wapi. Ukipanga arobaini halafu ukasikia jirani anaoza, unaisogeza arobaini, na hakuna marehemu aliyewahi kulalamika. Ndivyo tulivyokuzwa. Ndiyo maana Mama Tunu alikuwa amesimama uani kwa Bi Chiku, mkono kiunoni, sauti ikifika msikitini.

Sasa hiyo habari ya majaribio. Kila mtaa wa nchi yetu una vyombo vyake vya shughuli: masufuria ya pilau ambayo mtu mzima anaweza kuogea, turubai, viti, mikeka, miko. Zamani ukitaka kujua sufuria liko wapi ulituma mtu, na mtu akilikuta limeiva, harudi mpaka ashibe. Ndipo Kombo, yule fundi kompyuta mwembamba wa nyumba ya kona, akatunga programu, akaiita Azima. Unaandika kwenye simu yako shughuli na siku yake, programu inawaarifu majirani, na kila dereva wa lori la vyombo anaambiwa apeleke wapi. Hakuitunga peke yake. Alisaidiwa na watu wa kila pembe ya nchi, ambao hawajawahi kuonana, wanaojitolea usiku na mchana bila kulipwa. Ni programu huria: anayetaka kuchungulia ndani yake anachungulia, anayeona pameharibika anarekebisha, na ujira ni ahsante, tena mtu akikumbuka.

Kombo alikuwa na tabia moja iliyomfanya aonekane mgonjwa. Hakuachia toleo jipya mpaka awe amejaribu kwanza kuliharibu. Alikwisha jaribu shughuli ya mtu asiye na jina. Alikwisha jaribu shughuli ya wageni pungufu ya sifuri. Alikwisha jaribu harusi ya jana. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu: shughuli mbili siku moja. Akawaomba wenzake wa kujitolea, na wote, watu waliosoma, wenye miwani, wakamjibu kwa hofu: "Niandike shughuli siku ya mwenzangu? Hata kwenye kompyuta? Akisikia je?"

Aliyekubali ni Bi Chiku peke yake. Bi Chiku muuza maandazi, mtu wa kubonyeza kila anachokiona, akaandika ngoma ya uongo siku ya harusi ya Tunu. Programu, kwa uaminifu wake, ikamwarifu jirani. Jirani ndiye Mama Tunu.

"Mama," Kombo alikuja akihema, "niache nione vyombo vitaelekea wapi. Dakika moja tu. Tukitoa sasa hatutajua."

"Vitaelekea kwangu! Kwani kuna kingine cha kujua?"

Mtaa mzima ukaitika kwamba hakuna. Hata mimi niliitika, kwa ujirani. Bi Chiku akafuta ngoma yake. Majaribio yakaishia hapo, kwa heshima ya kila mtu.

"Na Jumamosi," Mama Tunu akamalizia, akijifunga kanga upya, "nisikuone mlangoni kwangu."

Hapo hata wapita njia waliguna. Bi Chiku ndiye aliyemtoboa Tunu masikio.

*

Nchi yetu ina wizara nyingi lakini kubwa kuliko zote ni Wizara ya Uzinduzi. Wizara ya Ujenzi ilifutwa zamani, ilipogundulika kwamba barabara inaweza kuzinduliwa bila kujengwa, tena haichakai. Waziri wa Uzinduzi ni Mheshimiwa Dakta Sifuni Utepe, mtu mnene mwenye sauti ya asali, ambaye hutembea na mkasi kiunoni kama wengine wanavyotembea na funguo.

Mheshimiwa alipopata habari kwamba kuna kitu nchini kinafanya kazi na hakijazinduliwa, hakulala. Akaja mtaani kwetu na msafara.

"Mheshimiwa," Kombo akamwambia, "toleo hili bado. Halijajaribiwa lote."

Waziri akamshika bega kwa upole. "Kijana wangu. Kujaribu ni nini? Kujaribu ni kutilia shaka. Ukimwonjea mpishi mchuzi wake mbele ya wageni, umemwambia nini? Umemwambia humwamini. Je, wewe humwamini mpishi?"

"Mpishi ndiye mimi, Mheshimiwa."

"Basi ndiyo aibu zaidi! Serikali haijaribu, kijana. Serikali inazindua."

Tukapiga makofi. Ni sentensi nzuri, ukiisikia kwa mbali.

Lakini asije mtu akasema serikali yetu haifuati utaratibu. Iliundwa Kamati Maalumu ya Taifa ya Majaribio, ikaja na tai na chupa za maji. Mjumbe mmoja aliitazama kompyuta mbele, mwingine aliitazama nyuma, wa tatu akauliza kama inauma ikiguswa. Kisha mwenyekiti akakohoa, akaisogelea, akaiuliza kwa sauti rasmi:

"Programu, unafanya kazi?"

Kimya.

"Hakuna pingamizi," akatamka, na wajumbe wakaandika.

"Mwenyekiti," Kombo akasema, "shughuli mbili siku moja je?"

"Imewahi kutokea katika nchi hii?"

"Haijawahi."

"Basi tusiifundishe."

Tangu saa ile ikatangazwa kwamba toleo limepita, na kwamba atakayeligusa atakuwa ameitilia kamati shaka. Nywila ya programu, ambayo bila hiyo hakuna awezaye kuirekebisha, ikachukuliwa wizarani, ikatiwa kwenye fremu ya dhahabu, ikatundikwa ukutani kwenye chumba cha wageni. Kila mgeni wa wizara aliweza kuisoma. Kombo hakuwa mgeni.

Kisha Waziri akapanda juu ya gari na kutupa habari njema. Uzinduzi utafanyika uwanja wa taifa. Na ili nchi nzima ishiriki, kila mtaa, kutoka pwani hadi milimani, utafanya shughuli ya shukrani kwa uongozi, na wote wataomba vyombo kupitia Azima, kwa siku moja, saa moja. Jumamosi.

Kombo alikaa chini palepale, mavumbini. Waziri akadhani ni heshima. Akafurahi sana, akaamuru wote tukae.

Wanawake walimtazama Mama Tunu. Kuwekewa shughuli na jirani ni jambo moja. Kuwekewa na serikali, unamwendea nani na mkono kiunoni? Lakini yeye akainua kidevu.

"Mimi niliandika mwanzo," akasema. "Na vyombo vyangu vimeshafika. Atakayevitaka atavikuta vina pilau."

*

Jumamosi asubuhi uani kwa Mama Tunu kulikuwa kama sokoni. Mchele umeoshwa, mbuzi amechinjwa, vitunguu vinalia kwenye sufuria la kwanza. Ndani, Tunu alikuwa amekalishwa kitandani, hina imekauka mikononi. Mwanamume anayemwoa anatoka kaskazini, na watu wake walikuwa njiani tangu alfajiri. Watu wa kaskazini wana desturi yao, na hawaifanyii mzaha: hawamchukui bibi harusi mpaka wale chakula cha nyumbani kwake wakashiba. Wakiondoka na njaa, posa imekwisha, na hairudiwi.

Nilikuwa nimeshapata nafasi nzuri karibu na nyama, wakati lori liliporudi nyuma mpaka uani. Dereva akashuka. Alikuwa mtu mstaarabu: alisalimia kwanza, ndipo akavimwaga vitunguu kwenye beseni, taratibu, bila kupoteza hata kimoja, akabeba sufuria.

"Wewe! Unakwenda nalo wapi?"

"Uwanja wa taifa, mama. Mimi nafuata simu."

"Mimi niliandika mwanzo!"

"Simu haijasema habari ya mwanzo." Akavua turubai, akakunja mikeka, akachomoa mwiko mkononi mwa mpishi. "Samahani, shangazi. Nao umetajwa."

Na haikuwa kwetu tu. Ndugu yangu alinipigia kutoka milimani: kule sufuria lilichukuliwa na ndizi ndani, ndizi zikabaki zimesimama hewani, alivyosema yeye. Pwani viti vilitolewa chini ya wazee. Nchi nzima malori yalikuwa yanaelekea upande mmoja. Kufika saa nne, Wizara ya Uzinduzi ilikuwa na masufuria yote ya taifa, yamepangwa uwanjani kwa ukubwa, yanang'aa, na ndani hamna kitu, kwani wizara haipiki. Ilikuwa na viti vyote vya taifa, na hakuna aliyevikalia, kwani watu walikuwa majumbani wanasubiri vyombo.

Mama Tunu alikaa juu ya jiwe la kufulia. Hakulia. Alikuwa anaitazama njia ya kaskazini.

Kombo akaja mbio, simu mkononi. "Nimeona. Programu inampa wa mwisho kuomba."

"Kwa nini wa mwisho, mwanangu? Hata haya haina?"

"Hatukuiambia ifanyeje, mama. Programu usipoiambia inajiamulia. Nchi nzima iliomba siku zile, na ombi la wizara ndilo lililotoka mwisho. Barua yao ilikuwa inazunguka ofisini kutafuta saini."

"Basi naandika tena mimi. Niwe wa mwisho mimi."

Akaandika. Simu ikajibu: *Jina hili tayari lina shughuli siku hii.*

"Hiyo tuliijaribu," Kombo akasema, na fahari ikampitia usoni, akaimeza haraka. "Lazima aombe mtu mwingine. Mtu wa hapahapa, vyombo vije hapahapa."

Kuweka shughuli siku ya harusi ya jirani, mbele ya watu, tena baada ya Waziri! Wanawake walitazama miguu yao. Shemeji yake Mama Tunu alikumbuka amesahau kitu nyumbani. Mimi nilimtazama kuku. Adabu si nguo, useme uivue kidogo halafu uivae.

Mama Tunu akasimama. Akapita kwangu, akavuka hadi kwa Bi Chiku. Sisi wengine tukafuata kwa mbali kidogo, mbali kiasi cha kusikia.

"Hodi."

"Nani?" Bi Chiku akauliza, na walikuwa wanatazamana.

"Mimi Mama Tunu."

"Mama Tunu yupi? Yule aliyesema nisionekane mlangoni kwake?"

"Huyohuyo."

"Ahaa. Nimekusikia tangu asubuhi unapigana na lori. Haya, sema."

"Nataka uweke shughuli leo."

"Leo?" Bi Chiku akashika kifua. "Leo jirani yangu anaoza! Mimi nina adabu zangu."

"Chiku, nakuomba."

"Sema kwa sauti, mwenye nyumba ya katikati hajasikia."

"Nimesikia!" nikasema.

Mama Tunu akavuta pumzi. "Nakuomba univunjie heshima, Chiku. Univunjie mbele ya watu wote. Watu wa kaskazini wako njiani, na mwanangu yuko ndani ananisikiliza."

Bi Chiku akaacha mzaha. Akafuta unga vidoleni, akachukua simu. "Inauliza shughuli ya nini."

"Andika chochote."

Akaandika polepole, herufi moja moja, midomo ikisogea, akamwonyesha. Nami nilichungulia, kwa kuwa nilikuwa karibu. Alikuwa ameandika: *Harusi ya mwanangu Tunu.*

Mama Tunu alisoma. Akapenga kamasi kwenye upindo wa kanga, akarudi kwake kwenda kuwasha moto.

*

Yaliyotokea uwanjani sikuyaona, lakini nimesimuliwa na watu wengi sana, na wote walikuwepo wao peke yao.

Mheshimiwa alikuwa katikati ya hotuba, akivihutubia viti. "Azima," alikuwa anasema, "ni ushahidi kwamba tumesimama imara." Hapo simu za madereva zikalia zote kwa pamoja. Madereva wa nchi yetu ni watiifu. Walianza na masufuria. Wakaja kwenye turubai, jua likamwangukia Waziri kichwani, naye akaendelea. Wakachukua kiti chake alipokuwa amesimama, na alipotaka kukaa ikabidi ageuze kukaa kuwe kuinama kwa heshima. Lakini utepe! Utepe wa uzinduzi ulikuwa umefungwa kwenye viti viwili, na viti vilikwishapakiwa. Mheshimiwa aliona utepe unaondoka juu ya lori, unapepea. Akachomoa mkasi, akaufuata.

Kwetu, malori yalianza kuingia kabla ya adhuhuri, na hayakukoma. Bi Chiku alikuwa ameomba wa mwisho, akapewa vya wote. Masufuria yalijaa uani kwake, yakajaa uani kwangu, yakapangwa barabarani mpaka kwenye kisima. Turubai ziliunganishwa mpaka mtaa mzima ukawa na dari. Na nyuma ya kila sufuria walikuja wenyewe, kwani nani anaacha sufuria la mtaa wake liende peke yake? Watu wa pwani walikuja na samaki, wa milimani na ndizi zilizokuwa zinasubiri, wa bonde na mchele uliolowekwa tangu jana. Shukrani kwa uongozi ilipikwa yote hapohapo. Sijaona mtaa wetu umependeza vile. Nilisalimiana mpaka mkono ukavimba.

Watu wa kaskazini walipotokea, walisimama kwenye kona. Masufuria yanachemka mpaka macho yanapoishia. Mjomba wa bwana harusi akavua kofia.

"Tumeoa kwa watu wakubwa," akanong'ona.

Mheshimiwa naye akafika, kwa miguu, suruali ina vumbi mpaka magotini. Akauona utepe, umekwama kwenye viti viwili pembeni mwa jiko. Akaukata. Watu waliokuwa karibu walipiga makofi kwa mazoea.

"Ndugu wananchi," akasema, akivuta harufu ya pilau, "kwa furaha kubwa nawaarifu kwamba majaribio ya Azima yamefanyika hadharani, kitaifa, kama ilivyopangwa. Serikali yenu imeigundua kasoro yenyewe, kwa gharama ya jasho lake yenyewe. Naizindua rasmi kasoro hii!"

"Naomba nywila, Mheshimiwa," Kombo akasema.

"Nenda kaisome ukutani. Mwambie mlinzi wewe ni mgeni." Na bila kuambiwa karibu na mtu yeyote akapita mlangoni kwa Mama Tunu, akaketi kwenye mkeka wa watu wa kaskazini, akajisogezea sinia.

Kombo hakuhitaji kwenda. Mmoja wa waliofuata masufuria alikuwa ameshawahi kuwa mgeni wizarani, na nywila alikuwa anaijua kwa moyo. Alikuwa ni wa wale wa kujitolea, wa pwani. Kumbe walikuwapo wengi, kila mmoja amefuata chombo cha kwao, na ndiyo kwanza wanaonana uso kwa uso. Wakapeana mikono kwa haya kama wachumba. Kisha wakakaa kwenye mkeka mmoja, kompyuta katikati, wakarekebisha, na wakaanza kuandika shughuli za uongo: mbili siku moja, tatu siku moja, za watu wanaojuana, bila kuona aibu. Programu ikawaambia wa pili: *Vyombo vimeshaombwa.* Wakaruka wakashangilia. Sijapata kuona watu wanaofurahia kukataliwa kiasi kile.

"Mnaachia leo?" nikawauliza.

"Bado," Kombo akasema. "Hatujajaribu mbili zilizoombwa kwa sekunde moja."

Nikawaacha na ugonjwa wao, nikazunguka kuona nani amekuja na nani amevaa nini. Ndipo nikamwona Bi Chiku. Amevaa kanga mpya, amesimama nje ya mlango wa Mama Tunu. Watu walikuwa wanaingia na kutoka, wanampita huku na huku, wanamwomba ruhusa ya sufuria hili na lile, kwani vyombo vyote vilikuwa kwa jina lake. Anawajibu, anacheka nao. Lakini mguu haukuvuka kizingiti.

"Ingia, mwenzangu," nikamwambia. "Hata Waziri ameingia."

"Yule hakukatazwa. Mimi nilikatazwa, na mwenyewe hajasema kitu."

Sina kawaida ya kupeleka maneno. Nilikimbia jikoni.

Mama Tunu alitoka na mwiko mkononi, masizi shavuni, jasho linamtiririka. Akasimama upande wake wa kizingiti. Watu wa mlangoni wakapunguza kutafuna.

"Wewe Chiku."

"Abee."

"Umenijazia masufuria ya nchi nzima, nyumba haina pa kupita, halafu umesimama nje kama mgambo."

"Nasubiri."

"Tunu amekataa kula. Watu wa kaskazini wameshashiba, wanamngoja yeye, na yeye amefunga mdomo. Anasema ana mama wawili na amemwona mmoja." Akamshika mkono. "Nawa, uingie ule."